Uimara wa Kiungo Huanza Kabla ya Moto

Katika kazi zote za kulehemu chuma, sidhani kama ipo iliyo ngumu na ikadharauliwa kama kukutanisha mabomba mawili ya duara. Kwani bomba la pembe nne hukatwa kwa msumeno likakaa, ilhali la duara, likitaka kukaa juu ya mgongo wa mwenziwe, sharti mdomo wake uchongwe kwa mkunjo unaoufuata mgongo huo sawasawa. Mafundi wetu wa Gerezani jijini Dar es Salaam na Kamukunji jijini Nairobi, ambao ustadi wao siutilii shaka hata chembe, aghalabu huuchonga mdomo huo kwa grenda kwa kukisia, wakajaribisha, wakachonga tena, na mwanya ukibaki wakauziba kwa kuuyeyushia vijiti vya kuchomelea mpaka ukajaa. Hapo ndipo ninapohitilafiana nao.

Mwanya uliojazwa hivyo hupendeza ukishapakwa rangi, lakini chuma kingi kilichoyeyushwa huleta moto mwingi, na moto huo hulitoboa bomba lenye ukuta wa milimita 1.5, na chuma kipoapo husinyaa kikaivuta fremu nzima ikaenda kombo. Kiti cha magurudumu ambacho gurudumu lake moja haligusi chini, mara nyingi taksiri yake ilizaliwa hapo.

Dawa ni kuichora fremu kwenye kompyuta kabla ya kugusa chuma. Mchoraji huanza kwa mistari mitupu ipitayo katikati ya kila bomba, akahakikisha kwamba mistari ya mabomba yanayoungana inakutana kwenye nukta moja, kwa kuwa ikipishana, uzito unaopita humo huzaa nguvu ya kupinda ambayo kiungo hakikukusudiwa kuihimili. Kisha huivisha mistari hiyo mabomba yenye kipenyo na unene wa kweli, akaamua lipi litapita zima, lipi litakatwa kulifuata hilo, na lipi litakatwa kuyafuata yote mawili. Programu ya kuchorea huukata mdomo huo katika mchoro, ikaukunjua ukuta wa bomba ukawa bapa, na umbo hilo huchapwa kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi.

Chukua bomba la milimita 25 linalosimama wima juu ya jingine la kipenyo kile kile. Karatasi yake ina upana wa milimita 78.5, ndio mzingo wa bomba, na ukingo wake hupanda na kushuka mara mbili, kina kikikaribia milimita 12.5. Fundi huizungusha kwenye bomba mpaka ncha zikutane bila kupandana, akaufuata ukingo kwa chaki, akakata kwa grenda na kumalizia kwa tupa ya nusu duara. Bomba likiinamishwa, ukingo hupoteza ulinganifu, upande mmoja ukarefuka na wa pili ukafupika, na hilo jicho halilikisii. Tahadhari: mashine za kuchapia huweza kuupunguza mchoro, basi mstari wa milimita 100 uchorwe pembeni, upimwe kwa rula kwanza.

Asiyeamini kwamba kiungo kidogo kina hatari na aikumbuke tarehe 27 Machi 1980, ambapo jukwaa la baharini la wafanyakazi wa mafuta, Alexander L. Kielland, lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini wakafa watu 123. Uchunguzi ulikuta ufa ulioanzia kwenye ulehemu dhaifu wa kishikilio cha chombo cha kunasia sauti majini, kibomba kidogo kilichopachikwa kwenye bomba kubwa lililokuwa mhimili.

Gharama si hujja, madhali programu ya FreeCAD hutolewa bure na kompyuta ya kawaida huiendesha. Nawasihi wakuu wa vyuo vya ufundi wasimpe mwanafunzi wa kuchomelea cheti chake mpaka achore kiungo kimoja cha mabomba matatu, akichape, akikate na kukikalisha mbele ya mwalimu bila mwanya, kabla hajawasha moto.