Mwalimu wa Kiingereza kutoka Uvira aende mji gani?

Kila mwaka ISP na vyuo vikuu vya Kivu ya Kusini vinatoa vijana wenye diploma ya Kiingereza. Wengi wao wanapata masaa machache ya kufundisha kwenye shule ya sekondari, halafu wanaanza kungoja. Wanangoja majina yao yaingie kwenye orodha ya malipo ya serikali, na wakati huo wanaishi kwa makuta ya wazazi wa wanafunzi. Mvuvi akirudi bila ndagala, mwalimu naye anakosa. Hali hiyo imezoeleka hata imepewa jina: walimu wasiolipwa.

Si ajabu basi kwamba toka Kavimvira mpaka Kalundu swali ni moja: aende wapi? Nairobi, Kigali, Dubai, au China? Kila mji una mjomba au rafiki anayeusifu kwenye WhatsApp. Lakini sifa za mji hazilishi mtu. Kabla ya kufunga mzigo, mwalimu anapaswa kujua mambo matatu: kama mji huo unakosa kile alicho nacho, kama karatasi zake zitakubaliwa, na kama njia ya kurudi nyumbani itabaki wazi.

Miji ya mbali ndiyo inayovutia zaidi, na ndiyo yenye hatari kubwa. China, kwa mfano, inataka mwalimu wa Kiingereza atoke nchi ambako Kiingereza ni lugha ya mama, kama Uingereza au Marekani. Mkongomani anayeingia huko kwa visa ya utalii na kuanza kufundisha anafanya kazi kinyume cha sheria, hata kama Kiingereza chake ni safi. Siku akikamatwa, aliyempa kazi hatamtetea.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Tangu mwaka 2022, Wakenya na Waganda wengi walidanganywa na matangazo ya kazi nzuri Thailand. Walijikuta Myanmar, kwenye kambi za matapeli wa intaneti, wakilazimishwa kuwaibia watu kwa simu na kompyuta. Walitafutwa kwa sababu wanajua Kiingereza. Kwa hiyo kijana wa Uvira anayepewa tiketi ya bure na mtu asiyemjua, bila mkataba wala jina la shule, anapaswa kusimama na kuuliza ni nani anayelipa, na anataka nini kwake.

Miji ya karibu nayo haifanani. Nairobi na Kampala zina walimu wa Kiingereza wa kutosha, na shule zao nyingi zinafundisha kwa Kiingereza tangu madarasa ya chini. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2012, inataka kila mwalimu aandikishwe na tume ya serikali ya walimu, TSC. Mkongomani anayefika huko kuuza Kiingereza anapeleka samaki ziwani. Bidhaa yake adimu huko ni Kifaransa, ambacho shule binafsi na vituo vya lugha vinatafutia walimu. Wengi wanaotoka Uvira wanasahau kwamba wamebeba lugha mbili za kufundisha, na kwamba ile wasiyoisomea ndiyo inaweza kuwalisha.

Tanzania ni jirani wa ng'ambo ya ziwa, na boti za Kalundu zinaijua njia ya Kigoma. Lakini sheria yake ya mwaka 2015 kuhusu ajira ya wageni inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba alimtafuta Mtanzania wa kazi hiyo akamkosa. Kwa somo la Kiingereza, hilo ni gumu kuthibitisha.

Kigali ina njaa ya kweli ya Kiingereza. Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na bado inatafuta walimu nje: Oktoba 2022 ilipokea walimu zaidi ya 150 kutoka Zimbabwe. Kwa hesabu ya soko, ni mji unaofaa. Kwa hesabu ya amani, mambo ni mengine. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na Januari 2025 Kinshasa iliwaita nyumbani wanadiplomasia wake waliokuwa Kigali. Mtu wa Uvira anayefanya kazi huko anaweza kupata mshahara kwa wakati, na bado akashindwa kuzika mzazi wake. Wakati wa vita, pia, mtu anayetoka upande ule anaangaliwa kwa jicho jingine na majirani zake mwenyewe, hata kama alikwenda kufundisha tu.

Inabaki Bujumbura, mji ambao watu wa Uvira wanauona usiku taa zinapowaka, na ambao kwa sababu hiyo hawauhesabu kama ng'ambo. Ni karibu kilomita 30 tu. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 ikakifanya Kiingereza kuwa moja ya lugha zake rasmi. Lakini maofisa, wafanyabiashara na wanafunzi wake walisoma kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa namna hiyo anahitaji mwalimu anayeweza kumwelezea Kiingereza kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Mfuliiru au Muvira, ambaye lugha yake inakaribiana na Kirundi, anaweza kuongeza lugha ya tatu. Hapo ndipo diploma ya Uvira ina uzito ambao haina Nairobi.

Bujumbura nayo si pepo. Faranga ya Burundi imepoteza thamani sana, na bei ya dola kwenye benki iko mbali na ile ya barabarani. Anayekubali mshahara bila kuuhesabu kwa bei ya sokoni anaweza kujikuta anafanya kazi kwa nauli. Tena, karatasi ya CEPGL au jeto la kuvukia Kavimvira ni ruhusa ya kupita, si ruhusa ya kufanya kazi. Na Desemba 2025, M23 ilipoingia Uvira, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi na mpaka ukafungwa. Waliokuwa wakifanya kazi upande mmoja na kulala upande mwingine walijua siku hiyo kwamba kilomita 30 zinaweza kuwa ndefu kuliko safari ya ndege.

Yote hayo hayapaswi kubebwa na mwalimu peke yake. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wanasiasa waliahidi soko la watu wengi. Mwaka 2017, kabla Kongo haijaingia, viongozi wa Jumuiya walikuwa wametangaza eneo moja la elimu ya juu, ili diploma ya nchi moja isomeke katika nyingine. Lakini Mkongomani anayepeleka Kampala gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2 za mfumo wa zamani bado anaanza kueleza mfumo wenyewe kabla ya kueleza anachojua. Wizara ya elimu ya juu ya Kinshasa inaweza kumaliza maelezo hayo kwa makubaliano na wenzake wa Jumuiya. ISP nazo zinaweza kuwapa wahitimu wao alama zao kwa Kiingereza, zikiwa na muhuri, bila kuwazungusha ofisi kwa miezi.

Kazi kubwa zaidi iko Uvira kwenyewe. Mwalimu anayevuka Kavimvira anaacha darasa, na kwenye darasa hilo wapo watoto ambao kesho watashindana na vijana wa Kampala na Dar es Salaam kwenye soko lilelile la Jumuiya. Serikali isipomlipa, haiwezi kumlaumu kwa kuondoka. Lakini kila jina linaloongezwa kwenye orodha ya malipo ni darasa moja la Uvira linalobaki na mwalimu wake.

Kwa atakayeondoka hata hivyo, ushauri ni mfupi: mkataba wenye jina la shule, kibali cha kazi na si cha kupita tu, nakala za diploma zilizotafsiriwa, na nauli ya kurudi iliyowekwa pembeni kabla ya mshahara wa kwanza. Mji unaomtaka mwalimu kweli hautamkatalia hata kimoja kati ya hivyo.