Maneno marefu ya Kiingereza tuyakate

Mama mmoja, jirani yangu Mantapala, alinijia na karatasi mkononi. "Baba, hapa wanatufukuza?" Neno lililomtisha lilikuwa repatriation. Ilikuwa Desemba 2021, misafara ya kurudi Pweto ilipoanza, na kila mtu alikuwa na tafsiri yake.

Nilimwambia tulikate. Re ni kurudi. Patri ni nchi ya baba, na sisi tuliosoma Kongo tunaijua patrie tangu shuleni. Ation huonyesha tendo. Basi ni kurejeshwa kwenye nchi ya wazazi. Lakini mbele yake palikuwa na neno jingine, voluntary, na hilo ndilo alilostahili kusomewa kwanza. Ni volontaire ile ile ya Kifaransa, yaani kwa hiari! Mama hakuwa anafukuzwa, alikuwa anaulizwa. Akaketi, akasema atafikiri kwanza.

Ndugu msomaji, wengi wetu tunatia dole gumba kwa kuogopa urefu wa neno tu. Ajabu ni kwamba kukata maneno ni kazi yetu ya kila siku. Tazama wanarudishwa: wa, na, rud, ish, w, a. Hiyo w peke yake inatuambia yupo mwingine anayewarudisha. Majirani zetu Wabemba nao husema hivyo hivyo, kwa vipande.

Ila tusichanganye silabi na vipande vya maana. Silabi ni za ulimi: wa-na-ru-di-shwa, tano. Vipande vya maana ni sita. Vivyo hivyo re-pa-tri-a-tion itakusaidia kutamka, lakini pa na tri zikitenganishwa hazisemi kitu.

Kwa wenzangu wa biashara ya mpakani, mimi niliwahi kupoteza gunia la chisense kwa neno undeclared lililobandikwa ukutani, nami nikalipita. Un inakanusha, declare ni kutangaza, d ya mwisho inafanya kazi ya w yetu. Mzigo usiotangazwa! Ningelikata, ningetangaza.

Kisu hiki hakikati kila kitu. Uncle haina un ya kukanusha, wala re ya receipt haikurudishii fedha. Hapo uliza kabla ya kutia sahihi. Na wanaowafundisha watu wazima Kiingereza wangeanza na karatasi hizi, habari za paka aliyekaa juu ya mkeka zisubiri.