STIMA YETU IHESABIWE NUSU KWA NINI?

Ndugu msomaji, hebu fikiria. Mama anampa jirani lita kumi za maziwa asubuhi kwa ahadi ya kurudishiwa jioni. Jioni ikifika anarudishiwa tano! Je, atanyamaza?

Basi ndivyo ilivyo kwa stima ya sola. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 inamruhusu mwenye mtambo wake, usiozidi megawati moja, kuingiza stima inayobaki kwenye nyaya za umma. Hulipwi pesa; unaandikiwa yuniti za kutumia baadaye. Hapo sina neno. Lakini kanuni za 2024 zinasema ukitoa yuniti kumi, unahesabiwa tano tu.

Kwetu paneli ziko juu ya mabati. Saa sita mchana baba yuko shambani, sisi tuko shuleni, betri imejaa pomoni na jua lote lile linapotea bure. Usiku betri ikikata tunanunua tokeni. Tokeni nazo zikiisha, ndugu yangu mdogo hufunga daftari kabla ya kumaliza hesabu.

Najua watasema nguzo na transfoma zina gharama, na kwamba saa moja jioni, kila mtu anapowasha taa, sola imelala. Ni kweli, wakate kitu. Lakini nusu nzima jamani? Yuniti yetu ya mchana haisafiri mbali. Inaishia kwa jirani, naye anauziwa kwa bei ile ile ya kawaida. Mimi naona wakate robo. Baba naye anasema kwa hesabu hiyo ataongeza betri, nyaya zao wakae nazo.