Aliangushwa mara 68: Chicago Bears wajenga ukuta kumlinda Caleb Williams

Mara 68. Ndiyo idadi ya mara ambazo Caleb Williams alikamatwa na kulazwa chini akiwa bado na mpira mkononi, katika msimu wake wa kwanza NFL. Mechi zilikuwa 17. Yaani mara nne kila mechi, na wanaomlaza wengi wao ni mijitu ya kilo 120 na kuendelea.

Williams ni kwotabeki wa Chicago Bears, yule anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua aurushe, aukabidhi kwa mwenzake au akimbie nao mwenyewe. Mwaka 2024 ndiye aliyechaguliwa namba moja kati ya vijana wote waliotoka vyuoni. Msimu ukaisha kwa ushindi 5 na vipigo 12.

Drafti ya 2025 ilifanyika Green Bay kuanzia Aprili 24 hadi 26, na ilipopita, majibu ya Bears kwa ile namba 68 yalikuwa mezani. Sehemu kubwa ya majibu hayo haikutoka kwenye drafti. Ilitoka Machi, kwa wanaume watatu ambao shabiki wa kawaida hawezi kuwatambua wakipita mtaani.

Kwanza, drafti ni nini?

Kwa aliyezoea dirisha la usajili la Simba na Yanga, utaratibu huu unachanganya kidogo. (Na siyo ile drafti ya kijiweni, ya ubao na vizibo vya soda.) Kwenye NFL hakuna kumwaga mkwanja kumnyang'anya jirani mchezaji bora wa chuo. Klabu 32 zinachagua vijana kwa zamu, raundi saba, na aliyeburuza mkia ndiye anayeanza. Hakuna kushuka daraja. Ukifanya vibaya unapewa zamu ya mbele.

Zamu yenyewe ni mali. Unaweza kuibadilisha kwa mchezaji, kwa zamu nyingine, hata kwa zamu ya miaka miwili ijayo. Asiyechaguliwa bado anaweza kusajiliwa huru. Mkenya Daniel Adongo alifika Indianapolis Colts mwaka 2013 akitokea kwenye raga, bila drafti kabisa.

Kitu kingine cha kushika ni ukomo wa mishahara. Kwa 2025 kila klabu iliwekewa dola milioni 279.2. Tajiri hawezi kutoa hela mfukoni akanunua ubingwa. Kwa hiyo kijana mzuri wa bei rahisi ni dhahabu, hasa akiwa kwotabeki. Mkataba wa Williams ni wa miaka minne, kama dola milioni 39.5 kwa jumla. Dak Prescott wa Dallas Cowboys analipwa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka mmoja.

Hapo ndipo presha ya Chicago ilipotoka. Kufikia drafti ya 2025, mwaka mmoja kati ya ile minne ulikuwa umeshaliwa.

Biashara iliyoanza 2023

Ukitaka kuelewa kikosi hiki, rudi Machi 2023. Bears walikuwa na zamu namba moja wakaiuza kwa Carolina Panthers, walioitaka ili wamchukue kwotabeki Bryce Young. Chicago walipata mpokeaji DJ Moore, zamu ya 9 na ya 61 za mwaka ule, zamu ya raundi ya kwanza ya 2024 na ya raundi ya pili ya 2025.

Panthers wakashinda mechi mbili tu msimu huo. Ile zamu yao ya 2024 ikawa namba moja tena, na ikamleta Williams Chicago. Zamu ya 9 ilisogezwa nafasi moja nyuma ikamleta Darnell Wright, mlinzi wa pembeni kulia. Ya 61 ilitumika kupanda hadi 56 na kumchukua beki Tyrique Stevenson. Na ile ya mwisho, ya raundi ya pili, ilitumika Aprili 2025 kumpata mpokeaji Luther Burden III akiwa wa 39.

Kwenye karatasi ni moja ya dili tamu zaidi za miaka ya karibuni, na meneja mkuu Ryan Poles anastahili pongezi zake. Lakini huyo huyo Poles, tangu ashike usukani Januari 2022 hadi mwisho wa msimu wa 2024, timu yake ilishinda mechi 15 na kupoteza 36. Pongezi hazijazi msimamo wa ligi.

Walibadilisha dereva, njia ikabaki ile ile

Kabla ya Williams alikuwepo Justin Fields, aliyechaguliwa wa 11 mwaka 2021. Msimu wa 2022 Fields aliangushwa mara 55. Machi 2024 Bears wakampeleka Pittsburgh Steelers kwa malipo ya zamu ya raundi ya sita tu, wakampa Williams ufunguo wa gari.

Wakamwekea na vifaa. Keenan Allen alikuja kutoka Los Angeles Chargers, mkimbiaji D'Andre Swift akasaini miaka mitatu kwa dola milioni 24, na Rome Odunze akachaguliwa wa 9. Ukitazama majina ya wapokeaji wale watatu, Moore, Allen na Odunze, ungesema timu imekamilika.

Tatizo ni kwamba mpokeaji anahitaji sekunde tatu hivi kufika anakotakiwa. Sekunde hizo wanazinunua walinzi watano wanaosimama mbele ya kwotabeki, na hao ndio Chicago walijaribu kuwapata kwa bei ya jioni sokoni. Williams naye siyo malaika. Mara nyingi alishikilia mpira muda mrefu, akitafuta pasi ya ajabu aliyoizoea chuoni. Ila hata kocha wake asingeweza kumlaumu kwa zote 68.

Oktoba 27, 2024 ndipo kila kitu kilianza kumong'onyoka. Bears walikuwa mbele kwa 15-12 ugenini Washington, umebaki mchezo mmoja. Stevenson, yule wa zamu ya 56, alikuwa bado anawapungia na kuwakejeli mashabiki mpira ulipoanza. Kwotabeki Jayden Daniels, aliyechaguliwa wa pili nyuma ya Williams, akaurusha juu mbali, Stevenson akachelewa kufika, akaugusa, ukamwangukia Noah Brown. Mwisho 18-15.

Hicho kilikuwa kipigo cha kwanza kati ya kumi mfululizo. Kibarua cha mratibu wa mashambulizi Shane Waldron kikaota nyasi Novemba 12, cha kocha mkuu Matt Eberflus kikafuata Novemba 29. Bears hawakuwahi kumfukuza kocha mkuu katikati ya msimu kwenye historia yao ndefu.

Machi ya wanaume watatu

Januari akaja Ben Johnson, aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya Detroit Lions, timu iliyofunga pointi nyingi kuliko zote msimu wa 2024. Kocha wa aina hii haji kama haoni dalili kwamba klabu itatumia hela mahali anapotaka yeye. Na zikatumika.

Joe Thuney alitoka Kansas City Chiefs kwa zamu ya raundi ya nne ya 2026. Ana pete nne za Super Bowl. Jonah Jackson alitoka Los Angeles Rams kwa zamu ya raundi ya sita. Aliwahi kufanya kazi na Johnson kule Detroit. Drew Dalman, senta anayeanzisha mpira, alisaini miaka mitatu kwa dola milioni 42 akitokea Atlanta Falcons. Katikati yote ya ukuta imebomolewa na kujengwa upya ndani ya wiki mbili hivi.

Upande wa ulinzi waliongezwa Dayo Odeyingbo na Grady Jarrett. Ni usajili wa maana, lakini siyo unaoamua hatima ya mtu hapa.

Aprili: je, walichagua sawa?

Mashabiki wengi walitaka mkimbiaji Ashton Jeanty, aliyekimbia yadi 2,601 akiwa Boise State. Las Vegas Raiders wakamchukua wa 6, hadithi ikaishia hapo. Wengine walitaka mlinzi wa pembeni. Will Campbell akaenda wa 4 New England, Armand Membou wa 7 New York Jets, na Kelvin Banks Jr. akachukuliwa na New Orleans akiwa wa 9, zamu moja tu kabla ya Chicago.

Bears, wakiwa wa 10, wakamtaja Colston Loveland wa Michigan, anayecheza taiti endi, yaani mtu wa kazi mbili: kuzuia na kupokea pasi. Tyler Warren wa Penn State, ambaye wengi walimwona bora kwenye nafasi hiyo, alikuwa bado yupo, akaenda Indianapolis wa 14. Na Bears tayari walikuwa na Cole Kmet kwenye nafasi hiyo, mwenye mkataba wa dola milioni 50.

Johnson alikuwa na hoja. Detroit alimtumia Sam LaPorta kwenye nafasi hiyo kama silaha kuu, na Loveland anafanana naye kwa namna anavyojipenyeza katikati ya mabeki. Allen mkataba wake ulikuwa umeisha, hivyo mikono ya kupokea ilihitajika. Ila ukiweka Loveland na Burden pamoja, zamu mbili za kwanza zilienda kwa wapokeaji, kwenye klabu ambayo msimu wa 2024 ilikuwa na wapokeaji na bado ikapoteza mechi 12. Ungeweza kurudi nyuma, ukaongeza zamu, na bado ukampata mlinzi kama Josh Conerly Jr., aliyebaki hadi nafasi ya 29.

Mlinzi walimpata baadaye. Baada ya kubadilishana zamu na Buffalo Bills, walimchukua Ozzy Trapilo wa Boston College akiwa wa 56. Mkimbiaji walisubiri hadi raundi ya saba, Kyle Monangai wa Rutgers, wa 233. Maana yake Swift, aliyepata wastani wa yadi 3.8 tu kila alipokimbia, bado alikuwa ndiye mwenye nyumba.

Tundu moja lilibaki

Pembeni kushoto. Kwa kwotabeki anayerusha kwa mkono wa kulia kama Williams, huo ndio upande wa mgongo, ambapo hamwoni anayekuja. Braxton Jones, aliyeushika tangu 2022, aliumia kifundo cha mguu vibaya Desemba 2024 na mkataba wake ulikuwa unaisha baada ya msimu wa 2025. Nyuma yake alikuwepo Kiran Amegadjie wa raundi ya tatu mwaka 2024, na Trapilo, ambaye misimu yake miwili ya mwisho chuoni alicheza kulia.

Thuney hakuwa jibu la hapo. Chiefs walilazimika kumsogeza pembeni kushoto mwishoni mwa msimu wa 2024, na kwenye Super Bowl ya Februari 2025 Philadelphia Eagles walimwangusha Patrick Mahomes mara sita. Chicago walimleta akae ndani, kwenye nafasi yake.

Kwa hiyo ushindani mkubwa uliotarajiwa kwenye kambi ya Julai 2025 haukuwa wa Loveland na Kmet, hata kama ndio ungejaza vichwa vya habari. Ulikuwa wa watu watatu wa kugombea upande wa kushoto: mmoja alikuwa anauguza mguu, mmoja alikuwa na msimu mmoja tu wa NFL, mmoja hakuwa amecheza hata dakika.

Williams anaruhusiwa kudai mkataba mpya msimu wa 2026 ukiisha. Kabla ya hapo, kuanzia 2025, Bears walikuwa na misimu miwili ya kuwa na kwotabeki wa bei rahisi na hela za kumzungushia watu. David Carr, aliyechaguliwa namba moja na Houston Texans mwaka 2002, aliangushwa mara 76 msimu wake wa kwanza, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo. Texans walimwacha baada ya misimu mitano, na hakuwahi kurudi kuwa yule waliyedhani wamemchagua.