Boti ya futi 19 au ya futi 23? Pakia mzigo kwanza

WACHUUZI wanane wa samaki wa visiwani katika Ziwa Victoria waliniita hivi karibuni niwasaidie kupiga hesabu. Walikuwa wamechanga fedha za kununua boti moja ya faiba ya mwendo kasi, na mbele yao zilikuwa mbili, zote zimeshatumika. Moja ya futi 19 yenye injini ya farasi 40, nyingine ya futi 23 yenye injini ya farasi 75. Ya pili ilizidi bei ya kwanza kwa karibu nusu. Wanachama wanne walitaka ndogo, watatu walitaka kubwa, na mweka hazina alikaa kimya, jambo ambalo kwa uzoefu wangu ni dalili njema kwa mweka hazina.

Wenye kutaka ndogo walikuwa na hoja moja: injini ndogo hunywa mafuta kidogo. Hoja hiyo husikika kila mwaloni, na kwa mtu anayesafiri peke yake ni ya kweli kabisa. Kwa mchuuzi anayebeba mzigo inaweza kuwa kinyume chake, na fedha nyingi za vikundi hupotelea hapo.

Boti ya mwendo kasi hukimbia kwa sababu inapanda juu ya maji. Ikishapanda, tumbo lake huacha kusukuma maji na badala yake huteleza juu yake. Isipopanda, inalima ziwa kama jembe la ng'ombe katika udongo mzito: pua juu, tezi chini, wimbi kubwa nyuma, na petroli inakwisha. Boti isiyopanda ina mwendo wake wa asili unaotokana na urefu. Ya futi 19 ni kama kilomita 10 kwa saa, ya futi 23 ni 11 hadi 12. Ukitaka kuuzidi mwendo huo bila kupanda, kila kilomita moja ya ziada unailipia kwa mafuta mengi mno.

Kinachoamua kama itapanda au haitapanda ni uzito wote ukigawanywa kwa nguvu ya injini. Zikizidi kilo 25 hadi 30 kwa kila farasi mmoja, boti huanza kuhangaika. Sasa tuzipime hizi mbili. Ile ndogo, ukijumlisha boti yenyewe, injini, mafuta, vifaa na watu wawili, tuchukue ni kilo 690. Gawanya kwa 40, unapata kilo 17 kwa farasi, inaruka kama ndege. Weka kilo 700 za samaki na barafu, unapata kilo 35. Haipandi. Ile kubwa tupu tuseme ni kilo 1,050, yaani kilo 14 kwa farasi. Ikibeba kilo 700 zilezile inafika 23. Inapanda.

Tuitie fedha hesabu hiyo. Injini ya zamani ya mipigo miwili, ikifunguliwa yote, hunywa karibu lita 0.45 kwa kila farasi kwa saa. Kwa hiyo ya 40 ni lita 18 kwa saa na ya 75 ni lita 34. Tuchukue safari ya Mwanza hadi Nansio, kama kilomita 50 kwa maji, na petroli Sh3,000 kwa lita. Bila mzigo, boti ndogo ikienda kilomita 40 kwa saa itatumia lita 23, yaani Sh69,000. Kubwa ikienda 45 kwa saa itatumia lita 38, yaani Sh114,000. Hapo wanachama wanne wanashinda kwa Sh45,000 kila safari.

Pakia kilo 700. Ndogo sasa inajivuta kwa kilomita 13 kwa saa huku injini imefunguliwa yote. Itachukua karibu saa nne na lita 69, yaani Sh207,000. Kubwa inakwenda kilomita 32 kwa saa, inafika kwa saa moja na nusu na ushei, na kutumia lita 53, yaani Sh159,000. Wanachama watatu wanashinda kwa Sh48,000, na barafu bado haijayeyuka. Kikundi kinachosafirisha mzigo wa namna hiyo mara 20 kwa mwezi kitaokoa Sh960,000 kwa kuwa na injini "inayokula mafuta". Msomaji abadilishe bei na umbali kulingana na mahali pake. Mpangilio wa hesabu haubadiliki.

Lakini kabla wale watatu hawajashangilia, niliwauliza swali ambalo halikuwafurahisha: mzigo wenu una haraka gani? Sangara mbichi ana haraka. Abiria ana haraka, na mgonjwa zaidi. Dagaa waliokauka hawana haraka, wala mahindi, wala mihogo mikavu. Mtumbwi wa mbao wenye injini ya farasi 15 hunywa chini ya lita 7 kwa saa hata ukifunguliwa yote. Kwa kilomita 10 kwa saa utamaliza safari ileile kwa saa tano na lita 34, tena wengi wao hubeba zaidi ya kilo 700. Mwenye magunia ya dagaa anayenunua boti ya mwendo kasi ananunua raha, na raha si dhambi, ila asiikopee fedha za SACCOS.

Wachuuzi wangu hubeba sangara mbichi siku nne kati ya sita. Tukaendelea.

Tatizo kubwa la boti zilizotumika ni kwamba muuzaji hukuonyesha boti ikiwa tupu. Anapanda yeye na wewe, tangi lina mafuta nusu, asubuhi ziwa limetulia, na inaruka. Umeonyeshwa boti ambayo hutaitumia hata siku moja. Ndiyo maana niliwaambia wachuuzi waende na viroba 14 vya mchanga, kila kimoja kilo 50. Muuzaji alicheka, kisha akakasirika, kisha akakubali. Vipakieni pale mtakapoweka samaki, jazeni tangi hadi juu, endesheni saa nzima, halafu jazeni tena kwa dumu lililopimwa. Mtajua kwa uhakika inakunywa kiasi gani na kama inapanda. Nendeni mchana, upepo ukishaamka. Mawimbi ya Ziwa Victoria ni mafupi na yamesimama, na boti ya futi 19 inayapiga moja moja, wakati futi nne za ziada huiwezesha kubwa kuyavuka kwa utulivu zaidi.

Mkiwa na mzigo, tazameni pia mizunguko ya injini kama kuna kipimo. Ikiwa haifikii mizunguko iliyoandikwa na kiwanda, ama pangaboi si la mzigo huo, ama injini imechoka. Pangaboi hubadilishwa kwa bei ndogo. Injini iliyochoka ni habari nyingine, maana farasi 40 wa kwenye kifuniko wanaweza kuwa wamebaki 30, na hesabu yote ya juu inaanguka. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, shusheni bei au ondokeni. Afungue oili ya gia ya chini: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Muulize kama injini iliwahi kufanya kazi baharini, kwa sababu chumvi hula njia za maji ya kupoza kutoka ndani, mahali ambapo rangi mpya haifiki.

Kwenye boti yenyewe nitasema moja tu. Ubao wa tezi unaoshika injini mara nyingi ni mbao iliyofunikwa kwa faiba. Mtu mzima aisimamie injini kwa uzito wake na mwingine atazame ubao. Ukicheza, mbao imeoza ndani. Na mkibadilisha injini pimeni urefu wa tezi, inchi 15 au 20, maana injini ya shingo fupi haifai tezi refu.

Upo upande mmoja ambao boti ndogo inaishinda kubwa hata ikiwa na mzigo: vipuri. Kwenye mialo mikubwa ni rahisi kumpata fundi anayeijua injini ya farasi 40 na duka lenye pistoni zake. Ya 75 inaweza kukaa nchi kavu wiki mbili ikisubiri kifaa kutoka mbali, na wiki mbili bila safari zinakula akiba yote ya mafuta ya mwezi. Anayenunua kubwa atenge fedha ya vipuri tangu siku ya kwanza, isiyoguswa.

Ukubwa pia una kishawishi chake. Boti ya futi 23 hutazamwa na kila mtu mwaloni kama nafasi ya bure. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 220. Idadi ya watu na kilo iliyoandikwa kwenye cheti cha TASAC iandikwe pia ubavuni mwa boti, ili nahodha asibishane na shangazi yake.

Wakopeshaji nao wana kazi ya kufanya. Katika maombi ya mikopo ya boti niliyowahi kuyaona, fomu inauliza urefu, mwaka na bei. Haiulizi inabeba nini wala inakunywa lita ngapi ikiwa imebeba. SACCOS na benki zidai karatasi ya jaribio la mzigo, iliyosainiwa na muuzaji, mnunuzi na fundi, kabla ya kutoa hata shilingi moja. Gharama yake ni mchanga na petroli ya saa moja.

Boti kubwa ya wachuuzi wangu ilipanda ikiwa na viroba vyote 14. Ila dumu lilisema lita 41 kwa saa, si 34. Kwa lita 41 safari yenye mzigo inafika Sh192,000, na ile faida ya Sh48,000 inabaki Sh15,000. Muuzaji ameahidi kupeleka injini kwa fundi na kupunguza bei. Mweka hazina, aliyezungumza kwa mara ya kwanza, amesema viroba visimwagwe, watarudi navyo.