Kosa Lilitokea Wapi?

Ni desturi yetu walimu kumwadhibu mwanafunzi aliyekutwa karibu na dirisha lililovunjika. Mwaka 2008 wataalamu wa kompyuta nao walielekea huko. Matoleo ya majaribio ya Linux 2.6.27 yalikuwa yakiharibu kadi za mtandao za Intel, na lawama zikaiangukia e1000e, programu inayoziendesha kadi hizo. Kumbe mharibifu alikuwa ftrace, chombo kilichoundwa kufuatilia mwenendo wa kiini cha mfumo! Kilihifadhi anwani za kumbukumbu ambamo kingeandika. Baadhi zikaachwa na wenyewe, zikapewa kadi, nacho bila habari kikaandika palepale. Toleo la 2.6.27.1, Oktoba mwaka huo, liliizima sehemu hiyo ya ftrace.

Kitenzi chetu "kutokea" chachanganya mambo mawili: kuonekana mahali na kutoka mahali. Msaka makosa hana budi kuyatenga.

Kwa hiyo naona mtihani wa kompyuta usimdai mtahiniwa programu mpya tu. Apewe iliyoharibika, aeleze hatua kwa hatua alivyoifuata hadi kwenye chanzo, na njia yake isahihishwe kama jibu lenyewe.