Hemoglobini Yako ni Ipi?

Katika kurasa zetu tunaandika sana juu ya viza, kodi za nyumba na bei za tiketi za kurudi nyumbani. Sawa, yana nafasi yake. Lakini kuna jambo ambalo sisi tunaoishi na kupitapita huku Liuhua tunalikwepa. Mwanafunzi wa Kiafrika akitaka kuoa au kuolewa, awe na Mwafrika mwenzake au na mwenyeji wa Guangdong, nani anamuuliza hemoglobini yake ni ya aina gani? Wazee watauliza kabila, dini na mahari. Damu inaachiwa Mungu.

Hebu tuliangalie jambo lenyewe. Hemoglobini ni ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Ya kawaida kwa mtu mzima inaitwa A. Ya sikoseli, yaani selimundu, inaitwa S, na tofauti yake na A ni ndogo ajabu: nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, asidi ya glutamiki imeondoka ikaingia valini. Basi. Ila glutamiki ina chaji hasi na valini haina chaji, na hapo ndipo umeme unapopata kazi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa hutembea tofauti na ya mtu mzima wa afya ikiwekwa kwenye umeme.

Njia moja iliyokuja baadaye ni fokasingi ya aisoelektriki, maabara wanaiita IEF tu. Jeli inatengenezwa ili upande mmoja uwe wa asidi na wa pili wa alkali, na kwa hemoglobini mara nyingi ni pH 6 hadi 8. Ukiwasha umeme, kila hemoglobini inatembea mpaka ifike mahali ambapo chaji zake hasi na chanya zinalingana. Hapo umeme hauna pa kuishika, inasimama. Ikiponyoka kidogo inarudishwa palepale, ndiyo maana mistari inatoka myembamba na inasomeka kwa macho. A inasimama karibu na 7, F ya watoto wachanga inafuata kidogo upande wa alkali, S iko karibu na 7.2, na C mbali zaidi. Kwenye elektroforesi ya zamani ya alkali, S na D zilikuwa zinakaa pamoja, C na E vilevile. IEF inazitenganisha vizuri zaidi.

Na haihitaji damu nyingi. Tone la kisigino cha mtoto likaushwe kwenye karatasi, linatosha. Waganda walilitumia hilo kwa akili sana. Kuanzia 2014 hadi 2015 walichukua karatasi za damu kavu ambazo tayari zilikuwa zimekusanywa nchi nzima kupima VVU kwa watoto, wakazipitisha kwenye IEF katika maabara kuu Kampala. Sampuli 97,631! Asilimia 13.3 walikuwa wabebaji wa S na asilimia 0.7 walikuwa wagonjwa. Hawakujenga mtandao mpya, walitumia uliokuwepo. Nawauliza wenzetu wanaosomea udaktari na maabara hapa: mkirudi nyumbani mtadai kwanza mashine ya bei mbaya, au mtaanza na karatasi na jeli?

Sasa turudi Guangdong. Huku tatizo lao si S, ni thalasemia, wenyewe wanaiita dizhonghai pinxue, anemia ya Mediterania (jina la bahari ya mbali kabisa kwa ugonjwa wa nyumbani kwao, lakini haya). Takriban watu 2 hadi 3 kati ya 100 katika jimbo hili wanabeba thalasemia ya beta, na wa alfa ni wengi zaidi. Chanzo ni kilekile cha kwetu, malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mbebaji wa S anakingwa kiasi na malaria, na thalasemia nayo ina kinga ya namna hiyo.

Mahali pengi hatua ya kwanza ya kutafuta thalasemia ni kupima ukubwa wa chembe nyekundu. Zikiwa ndogo, unaendelea na vipimo. Zikiwa za kawaida, unaambiwa nenda salama. Jamani, mbebaji wa S asiye na tatizo jingine ana chembe za ukubwa wa kawaida! Anapita kwenye chujio hilo kama maji. Mwenzake wa Guangdong anabeba thalasemia ya beta, wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa mtoto kupata S upande huu na beta upande ule. Mtoto huyo anaumwa sikoseli, wakati mwingine kali sawasawa na ya SS.

Nikiri pia kwamba IEF peke yake haimalizi kazi. Mbebaji wa thalasemia ya beta anajulikana kwa kiasi cha hemoglobini A2, na hicho jeli haikipimi vizuri, inabidi mashine inayotoa asilimia. Vile vipimo vya haraka vya kidole navyo vinafaa sana kijijini kwa kutafuta S, lakini beta havioni. Kwa wachumba wa mji huu nasema vitu viwili vifanyike pamoja: ukubwa wa chembe na kutenganisha hemoglobini yenyewe, kwa wote wawili.

Wapo watakaosema nataka kuvunja ndoa za watu. Hapana bwana. Mbebaji si mgonjwa, na wanaopendana waoane. Ila mtoto akijulikana mapema anapewa penisilini, chanjo, na hydroxyurea, ambayo utafiti uliohusisha Kenya, Uganda, Kongo na Angola ulionyesha kwamba watoto wa Afrika wanaweza kuitumia salama.

Napendekeza chama chetu kichapishe kikaratasi kwa wanachama wapya, chenye maneno mawili ya kumwonyesha daktari: xuehong danbai dianyong, yaani kutenganisha hemoglobini kwa umeme, na liandao xing hongxibao, chembe zenye umbo la mundu. Walio mwaka wa nne wa udaktari wanaweza kukiandika jioni moja, na pesa za fotokopi zitoke kwenye zile za sherehe.